Wimbo wa Mtoto, Jina la Mkubwa

Muhula wa pili ukifika, shule za msingi za Kanja na vijiji vinavyoizunguka hubadilika sauti. Masomo yakiisha alasiri, madarasani husikika kwaya zikirudia mstari uleule mara nyingi, ngoma ikisimamishwa na kuanzishwa upya, mwalimu akilalamika kwamba sauti ya pili imeshuka. Ni maandalizi ya Tamasha la Muziki la Kenya, mashindano yaliyoanza 1927 na ambayo hupandwa ngazi kwa ngazi: kanda, kaunti ndogo, kaunti ya Embu, kisha eneo la Mashariki ambako Embu hukutana na Meru na Tharaka-Nithi, na mwisho fainali za kitaifa. Ni jambo la kujivunia, na walimu wanaojitolea jioni zao kwa ajili yake hawalipwi wanavyostahili. Lakini baada ya kuzisikiliza nyimbo hizi kwa miaka mingi, nimebaki na swali ambalo haliniachi: katika wimbo huu, ni neno gani lililotoka kwa mtoto? Mara nyingi jibu ni hakuna. Wimbo wa lazima umeteuliwa na waandaaji, wimbo wa kiasili umepangwa upya na mwalimu, na wimbo wa mada maalumu umetungwa na mtu mzima, pengine fundi aliyeitwa kutoka nje ya shule. Mtoto ameazimwa koo, basi.

Hoja yangu ni kwamba Afrika Mashariki ina muziki mwingi sana unaoimbwa na watoto, na haba sana unaotambuliwa kuwa wa watoto. Upungufu huu hautokani na watoto kutoweza kutunga. Unatokana na mazoea yetu sisi wakubwa ya kuichukua sauti na kuyaacha maneno, kuupenda uso wa mtoto jukwaani na kutoliandika jina lake kwenye karatasi. Ninaposema muziki wa watoto sizungumzii nyimbo za kufundishia kuhesabu wala bembelezi za kumlaza mtoto, ambazo nazo zina kazi yake. Nazungumzia pop: wimbo wenye mdundo wa leo na kiitikio kinachonasa, unaohusu maisha ya leo, uliotungwa na mtu wa miaka tisa au kumi na mitatu kwa ajili ya wenzake.

Mwenye shaka kama wimbo wa namna hiyo upo aende uwanja wa shule wakati wa mapumziko. Sisi tuliosoma chini ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 tunazikumbuka nyimbo za kurukia blada, ile kamba ya mpira, nyimbo za kupigana makofi wawili wawili, na zile za kuamua nani aanze. Hakuna mwalimu aliyetufunza hata moja. Zilikwapua mdundo kutoka tangazo la sabuni redioni, zikachomeka jina la utani la mwalimu mkali, zikamalizia kwa neno la Kiembu ambalo halitamkwi mbele ya nyanya. Za leo hukwapua kutoka gengetone na arbantone, mitindo ya vijana wa Nairobi. Kibao kinapigwa na matatu ya kwenda Embu mjini, na muda si muda kinarukiwa blada kikiwa na maneno mengine kabisa, Kiembu, Kiswahili na Sheng vikiwa katika mstari mmoja. Zina kila sifa ya pop: ni fupi, zinashika, zinachezeka, zinavuma muhula mmoja kisha zinakufa na kuzikwa na nyingine. Na ni kazi ya utunzi. Anayebadilisha maneno ili silabi zikae sawa na makofi anafanya hesabu ileile ya mizani ambayo washairi wetu wanaisifia, ila yeye anaifanya huku anaruka.

Wataalamu walioziangalia nyimbo za namna hii kwa makini wanakubaliana na uwanja wa shule. Mwanaanthropolojia John Blacking, aliyefanya utafiti kati ya Wavenda wa Afrika Kusini katika miaka ya 1950, aliandika kitabu kizima kuhusu nyimbo za watoto wao, kilichochapishwa 1967. Alichokiona ni kwamba nyimbo hizo si vipande vya nyimbo za wakubwa vilivyopunguzwa ukali. Zina mpangilio wake zenyewe. Aliona pia kwamba watoto hawakuanza na nyimbo rahisi wakapanda kwenda kwenye ngumu. Walishika kwanza zile walizozisikia mara nyingi, hata kama kwa kipimo cha mtaalamu ndizo zilikuwa ngumu zaidi. Ng'ambo ya bahari, mtafiti Kyra Gaunt alionyesha katika kitabu chake cha 2006 jinsi michezo ya makofi na kamba ya wasichana weusi wa Marekani inavyopokezana na muziki wa kibiashara, pande zote mbili zikichota. Mfano wake ulio wazi ni kibao cha rapa Nelly, Country Grammar, cha mwaka 2000, ambacho kiitikio chake kilitoka kwenye mchezo wa makofi. Albamu yenye jina hilohilo iliuza mamilioni ya nakala. Wasichana walioulea mchezo huo vizazi na vizazi hawana jina popote.

Kwa nini basi uwezo huu uliojaa uwanjani haufiki darasani? Sababu moja ni historia ya somo lenyewe. Katika 8-4-4, muziki ulitahiniwa pamoja na sanaa na ufundi katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, hadi masomo ya mtihani yalipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tuliandikiwa do-re-mi ubaoni, tukapuliza filimbi za plastiki, tukakariri kwamba nyatiti ni ya Waluo na adeudeu ni ya Wateso. Mtihani uliuliza, mtoto akachagua A, B, C au D. Mtu aliweza kupata alama zote bila kutunga hata mistari miwili, na aliyetunga nyimbo kumi za blada hakupata alama yoyote kwa ajili yake. Hilo halikuwa kosa la walimu, kwa sababu mwalimu hufundisha kile kitakachopimwa. Somo lilipoondolewa kwenye mtihani, shule nyingi zililigeuza kipindi cha hisabati, na muziki ukabaki shughuli ya wale walioteuliwa kwenye kwaya. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa 2019, umeirudisha sanaa bunifu katika ratiba na kuipa mkondo wake katika sekondari ya juu. Ni hatua njema. Ila mtaala unaosema mtoto abuni hautazaa wimbo ikiwa siku ya tamasha anayebuni ni mwalimu.

Hapa nitapingwa na watu wa tamasha wenyewe, na pingamizi lao lina uzito. Watasema kwamba tamasha lina nafasi ya tungo mpya, na kwamba kila mwaka nyimbo mpya huimbwa. Ni kweli, nyimbo mpya zipo. Lakini tuzitazame. Mashirika ya umma hufadhili mada, na ndiyo maana mtoto wa Gredi ya Nne husimama mbele ya waamuzi akahimiza watu kulipa ushuru, kupiga vita ufisadi au kutunza mazingira, kwa msamiati wa kijitabu cha ofisini. Sina ugomvi na ushuru. Ninachosema ni kwamba hakuna mtoto wa miaka kumi anayelala akiuwazia. Angeachiwa achague, pengine angeimba juu ya mama anayerudi kutoka kuchuma chai mikono imechanika, au juu ya simu ya kakake, au juu ya mpira uliopotelea bondeni. Pengine angeimba upuuzi mtupu. Upuuzi nao ni haki ya mtunzi anayeanza, na wasanii wengi tunaowasifu leo walianza nao, bahati yao ikiwa ni kwamba hapakuwa na mwamuzi wa kuuandika kwenye karatasi ya alama.

Suala la jina lina historia ndefu, na sehemu moja ya historia hiyo iko katika eneo la Kongo linalozungumza Kiswahili. Katika miaka ya 1950, huko Kamina, Katanga, padri Mbelgiji Guido Haazen aliunda kwaya ya wavulana wapatao 45, wa miaka tisa hadi kumi na minne, pamoja na walimu kama kumi na watano. Waliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Kutokana na mitindo ya nyimbo za kwao waliunda Misa ya Kilatini ambayo sehemu kubwa yake ilizuka katika kuimba kwenyewe, kwa kubuni papo hapo, bila noti. Mwaka 1958 walizuru Ulaya na kurekodi santuri, Missa Luba. Mwaka 1968 kipande chake cha Sanctus kilitumiwa katika filamu ya Kiingereza If...., na vijana ambao hawajawahi kusikia jina la Kamina wakanunua santuri. Baadaye kwaya yetu ya Muungano, chini ya Boniface Mganga, nayo iliirekodi. Na katika yote hayo, jina linalotajwa ni la padri. Simlaumu Haazen kwa kuisikia thamani ambayo wengine wa zama zake waliidharau. Bila yeye pengine tusingekuwa na santuri. Lakini wavulana wale hawakuwa ala zake. Walikuwa watunzi wenza, na dunia iliwaandika kama sauti.

Mfano wa pili ni mkali zaidi kwa sababu ulifika mahakamani. Mwaka 1956 kundi la vijana wa New York, The Teenagers, lilivuma kwa Why Do Fools Fall in Love. Mwimbaji wake, Frankie Lymon, alikuwa na miaka 13. Haki za utunzi ziliishia kubeba jina la Morris Levy, mfanyabiashara wa santuri. Lymon alifariki 1968 akiwa na miaka 25. Mwaka 1992 wenzake wawili, Herman Santiago na Jimmy Merchant, walishinda kesi ya kutambuliwa kuwa watunzi. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa iliutengua ushindi huo kwa sababu walikuwa wamechelewa kudai. Yaani sheria haikusema kwamba hawakutunga. Ilisema muda umepita. Hilo ndilo hasa hutokea kwa watoto: wanapofikia umri wa kujua walichopoteza, mlango umeshafungwa.

Karibu nasi, mambo yanatembea kwa kasi ya simu. Ghetto Kids wa Kampala, walioanzishwa na mwalimu Dauda Kavuma, walijulikana 2014 kwa kuucheza wimbo wa Eddy Kenzo, Sitya Loss, na 2023 wakafika fainali ya Britain's Got Talent wakamaliza katika nafasi ya sita. Kabla yao, kwaya za watoto wa Uganda, kama African Children's Choir iliyoanza 1984, zilikuwa zimezizoea njia za Marekani na Ulaya kwa ajili ya kuchangisha fedha. Fedha hizo zimesomesha watoto, na ni ujinga kulidharau hilo. Hata hivyo, jukwaa la namna hiyo linahitaji mtoto afurahishe au ahurumiwe, na yote mawili hayamtaki aseme analofikiri. Mwaka huohuo wa 2019 ambao Kenya iliupokea mtaala mpya, Uganda iligawanyika juu ya Fresh Kid, mtoto wa miaka saba aliyekuwa akirapu kwenye majukwaa. Waziri wa watoto na vijana, Florence Nakiwala Kiyingi, aliamuru arudi shule na kuitaja sheria ya kazi; mwisho ikakubaliwa aimbe wikendi na likizo. Mjadala ulikuwa wa shule dhidi ya jukwaa. Wimbo ni wa nani, na mapato yake yanakaa wapi hadi mtoto akue, ni maswali yaliyopata nafasi ndogo mno katika kelele zile.

Waziri yule alikuwa na hoja, na wazazi wengi wa Embu wangesimama upande wake. Umaarufu huwala watoto. Kisa cha Lymon ni ushahidi wangu mwenyewe unaogeuka dhidi yangu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakataza kabisa kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13, na wa miaka 13 hadi 16 inamruhusu kazi nyepesi tu. Sitaki ilegezwe hata kidogo. Lakini tutenganishe vitu viwili ambavyo tumevichanganya: kutunga na kuuzwa. Kinachomdhuru mtoto ni ziara, mikataba, meneja, kukesha na hesabu ya watazamaji. Kutunga hakumkoseshi usingizi. Sheria ya Watoto ya 2022, kama Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto ambao Kenya iliuridhia 1990, inampa mtoto haki ya kucheza na kushiriki sanaa na utamaduni, na hakuna mahali inaposema ushiriki huo uwe wa kuimba ya wengine tu. Tena anayejua kwamba wimbo ni mali, na kwamba ni wake, ni mgumu kumlaghai kuliko yule aliyezoeshwa tangu chekechea kuimba anachopewa.

Wengine watasema watoto wataiga matusi ya gengetone. Wataiga, ndiyo, wanaiga hata sasa, na wakubwa ndio walioyaingiza matusi hayo kwenye matatu. Tofauti ni kwamba anayeimba wimbo wa mwingine hulipokea neno chafu likiwa limefungashwa pamoja na mdundo, ilhali anayetunga analazimika kulichagua, na mwalimu anapata nafasi ya kumuuliza kwa nini amelichagua. Na kuhusu kuiga kwenyewe, sioni aibu yake. Pop nzima ni kuiga. Vijana wa kundi la Camp Mulla la Nairobi walianza wakiwa bado shuleni, wakijitengenezea midundo iliyofanana na ya Marekani, na 2012 wakateuliwa kuwania tuzo ya BET. Hawakusubiri kuwa wa asili kabisa ndipo waandike. Kule Temeke, Dar es Salaam, Aslay aliingia kwenye muziki akiitwa Dogo Aslay, akapitia malezi ya kituo cha Mkubwa na Wanawe na kundi la Yamoto Band, akakua msanii kamili. Kilichowatofautisha vijana hawa na mtoto wa Kanja si kipaji. Wa Nairobi walikuwa na kompyuta, wa Temeke walikuwa na mtu mzima aliyewachukulia kwa uzito.

Tukija kwenye mali, watu wa Embu hawahitaji kufundishwa. Mkulima wa chai ana nambari yake. Kilo zake zikipimwa kituoni zinaandikwa chini ya nambari hiyo, na bonasi ikitoka anajua amlaumu nani ikiwa pungufu. Wimbo wa mtoto unapimwa bila nambari. Na si kwamba sheria imemsahau. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 haiweki umri wa chini wa kuwa mtunzi. Kazi inalindwa tangu inapoandikwa au kurekodiwa, kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa mtoto wa miaka kumi, hiyo ni haki inayoweza kuvuka karne. Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, husajili kazi ili pawe na ushahidi. Kinachohitajika ni mzazi au mlezi wa kumsimamia na mtu wa kuandika tarehe na majina. Simu ya mkononi inatosha kurekodi. Hakuna haja ya studio, na kusema kweli studio ingewaharakishia makosa ya wakubwa.

Kuna kikwazo kimoja ambacho siwezi kukimaliza kwa hoja. Nyimbo za uwanjani zinanoga kwa sababu wakubwa hawazisikii. Tukizileta darasani, tukazipa alama, tutaziua nusu. Mtoto atarekebisha mstari ili ampendeze mwalimu. Naukubali ukweli huo, na ndiyo sababu sipendekezi nyimbo za blada zikusanywe wala kusahihishwa. Ziachwe huko zilipo. Ninachopendekeza ni nafasi nyingine kando yake, ambako mtoto anayetaka wimbo wake usikike na watu wengi zaidi anajua unasikika kama wake. Nafasi hiyo haipimwi kwa usafi wa sauti ya pili. Wimbo wa watoto watano wenye sauti za kukwaruza, uliotungwa nao, uwe na haki ya kuushinda uimbaji safi wa tungo ya mkubwa.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na linawahusu walimu wa Kanja, wa Runyenjes, wa Chuka na wa Meru kabla ya muhula wa pili ujao. Pelekeni wimbo mmoja, mmoja tu kwa kila shule, ambao hamkuutunga ninyi. Watoto wachague mada, lugha na mdundo. Ninyi shikeni saa na mlango. Kwenye fomu, pale palipoandikwa mtunzi, yaandikwe majina yao yote, na nakala yenye tarehe ibaki ofisini kwa mwalimu mkuu. Wimbo ukishindwa kwenye kanda, umeshindwa. Mwakani watunge mwingine.